Baiskeli ya mlima kwenye tambarare ya Kano: usibebe kilichopaswa kukubeba

Swali huanza kuja mvua fupi zikishakatika, na huja kwa maneno yale yale: "Nimepata baiskeli ya mlima, niko Kisumu, nipande nayo wapi?" Wengi hutarajia niwatume Riat au Kajulu wakahemee huko juu. Mimi huwaelekeza chini, kwenye bonde la mto Nyando: tambarare ya Kano, majaruba ya mpunga ya Ahero, mikuyu na migunga ya kando ya mto, kisha mafunjo yanayoziba mwambao wa Ghuba ya Winam. Hapo hufuata swali la pili, la mtu anayedhani nimemdharau: "Sasa baiskeli ya mlima ya nini mahali pasipo na mlima?"

Jibu lake nililipata kwa aibu. Mara ya kwanza kuingia njia za chini ya Ahero ilikuwa Aprili, nikiwa na matairi mapya yenye meno makubwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Nilikwenda kama mita mia mbili, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Tope lilikuwa limejaa nafasi yote kati ya tairi na fremu, limechanganyika na mabua ya mpunga, limeshikana kama tofali. Nikalikwangua kwa kidole, nikasogea hatua kumi, likajaa tena. Mwisho nikaibeba begani. Baiskeli ya kilo 14 ilikuwa na uzito wa mtoto wa darasa la nne. Kijana mmoja akanipita akisukuma baiskeli ya Black Mamba, gunia la mahindi kwenye keria, anatembea pembeni kwenye nyasi kama mtu anayekwenda sokoni, na ndiko alikokuwa anakwenda. "Pole, omera," akasema, akapita. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Tangu siku hiyo ushauri wangu una kiini kimoja: Kano huishindi kwa miguu yenye nguvu. Hali ya udongo siku hiyo ndiyo inayoamua kama utapanda baiskeli au utaibeba. Mengine yote hapa chini yanatokana na hilo.

Soma udongo kabla ya ramani

Sehemu kubwa ya Kano ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao wahandisi wa barabara huuita udongo wa pamba. Ukilowa huvimba na kunata, ukikauka hunywea na kupasuka. Hakuna tairi, liwe la bei gani, linaloushinda ukiwa umelowa. Ujue kwa hali zake tatu:

- Mkavu hadi ndani. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuaminika zaidi, na mara nyingi kuna wiki nzuri kati ya Juni na Septemba. Udongo huwa mgumu kama saruji, na hapo ndipo nyufa hujitokeza. Nyingine zina upana wa kumeza tairi, na zile mbaya hufuata njia badala ya kuikata. Ukiona ufa mrefu mbele, uvuke kwa kuukatiza. Gurudumu la mbele likitumbukia na kuufuata, wewe utaendelea na safari bila baiskeli.
- Umelowa juu tu. Manyunyu ya usiku, jua la asubuhi. Subiri saa mbili au tatu, kunywa chai. Kisha pita pembeni kwenye nyasi, kwa sababu mizizi hushikilia udongo.
- Umelowa hadi ndani. Usiingie.

Huna uhakika ni hali ipi? Shuka, chota donge, lisokote kati ya viganja kama mtu anayetengeneza kamba. Likitoka uzi mwembamba kama penseli bila kukatika, geuza baiskeli. Likimeguka, endelea kwa tahadhari. Kipimo hiki kinachukua nusu dakika na kingeniokolea Aprili yangu.

Najua utasema jua limewaka Kisumu tangu jana. Jua la Kisumu halina habari na mto. Maji ya Nyando hutoka juu, nyanda za Nandi, Tinderet na Londiani, kwa hiyo mvua ya jana jioni huko inaweza kuwa ndiyo inayopita Ahero asubuhi hii wakati wewe umejipaka mafuta ya jua. Piga simu kwa mtu wa Ahero kabla ya kutoka. Humjui mtu? Ukifika darajani simama utazame: maji yakiwa ya rangi ya chokoleti na yakibeba matawi, siku hiyo si ya kwenda chini.

Na ramani ya simu? Itumie kwa majina, si kwa njia. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kupita kidogo kiwango chake cha 1964, likafunika nyumba, mashamba na njia za mwambao. Mafuriko yalirudi 2024. Njia nyingi zilihama, nyingine zikarudi upande mwingine wa shamba la mtu. Mstari unaouona kwenye kioo unaweza kuwa umechorwa kabla ya maji, na mwisho wake ukawa katikati ya mafunjo.

Saa ya kutoka, saa ya kurudi

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo kuchelewa kwa mapambazuko si kisingizio cha mwezi wowote.

1. Uwe juu ya baiskeli saa kumi na mbili na nusu asubuhi.
2. Usifike ukingo wa mafunjo kabla ya saa mbili. Viboko hutoka majini usiku kwenda malishoni, na alfajiri ndipo hurejea. Hutaki kuwa kati ya kiboko na maji yake. Muda huo wa mapema utumie kwenye barabara za mashamba.
3. Saa tano uwe umeshageuka. Mchana nchi kavu hupata joto, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea bara. Anayerudi Kisumu kutoka Ahero saa nane mchana huupokea usoni kilomita zote, chini ya joto la nyuzi 30.
4. Mawingu yakianza kurundikana juu ya mteremko wa Nandi, usibishane nayo. Radi za upande huu si hadithi. Ondoka kwenye tuta na uwanja wazi, weka baiskeli mbali nawe, na mkuyu uliosimama peke yake shambani usiukimbilie hata kama mvua inakuchapa. Tafuta nyumba.

Baiskeli gani?

Hapa ndipo barua nyingi hurefuka bila sababu. Watu huniorodheshea bei na majina ya kampuni. Swali langu huwa moja: kati ya tairi la nyuma na fremu kuna nafasi ya vidole vingapi? Kidole kimoja, baiskeli hiyo ni ya kiangazi tu. Viwili, tunaweza kuzungumza.

Fundi mmoja mzee wa baiskeli pale Ahero aliwahi kuzungusha gurudumu langu, akalitazama kwa muda, akauliza, "Na trekta yenyewe umeiacha wapi?" Kisha akanionyesha Black Mamba iliyokuwa inangoja spoku. Tairi jembamba, uma mpana, hakuna gia za kukusanya uchafu. Tope likipanda linaanguka. Baiskeli ile ya chuma iliyojaa vijijini ilichaguliwa na udongo kabla haijachaguliwa na mfuko wa mtu. Sikuambii uuze yako ukanunue Mamba. Weka tairi la upana wa inchi 2 au 2.1 lenye meno mafupi, yaliyoachana. Yale ya kina hubeba shamba zima.

Kuhusu ukubwa wa gurudumu, kama unanunua ya mitumba usiidharau ya inchi 26. Tyubu yake utaipata kwenye maduka mengi ya vipuri. Ya 29 ni tamu kupanda, lakini ukiwa huko chini Kadibo tyubu ikachanika, utamu huo utausimulia ukitembea.

Jambo jingine dogo linalowakwamisha wengi ni vali. Kama tyubu zako zina ile nyembamba ya kufunguliwa kwa skrubu, pampu ya fundi wa kijijini haitaishika. Nunua adapta, ni kitu cha ukubwa wa punje ya mhindi, uifunge kwenye tandiko usiisahau.

Vya kubeba, na usipunguze:

- tyubu mbili nzima, viraka, gundi iliyofunguliwa mwaka huu (ya mwaka juzi imekauka, nenda kaibinye)
- pampu ya mkononi
- bisibisi na funguo za fremu yako, kikata cheni na kiungo kimoja cha akiba
- kijiti kigumu cha urefu wa shibiri kwa ajili ya tope. Kikatie nyumbani, usivunje mti wa mtu
- maji lita tatu, pakiti mbili za chumvi na sukari za kunywa
- ndizi na njugu. Nyoyo, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, utaikuta njiani
- helmeti. Hapana, kofia ya jua haitoshi
- simu iliyojaa chaji ndani ya mfuko wa nailoni, na noti ndogo ndogo

Kuhusu upepo wa tairi: wengi hujaza hadi likawa jiwe, wakidhani wanaikwepa pancha. Kwa mtu wa kilo 70 hivi mwenye tyubu, psi 30 hadi 35 inatosha kwenye moramu. Tairi gumu kwenye nyufa za Kano litakung'oa meno, na miiba ya migunga huingia vilevile. Dawa ya maji ya kuziba pancha ndani ya tyubu inasaidia. Ukichomoa mwiba, pitisha kidole polepole ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu mpya. Kuna mwenzake amebaki humo. Daima kuna mwenzake.

Mafundi bado wapo

Msomaji mmoja wa Nairobi aliniuliza kama kuna "huduma" njiani. Ndugu yangu, Kisumu ilikuwa jiji la boda boda za baiskeli kabla Nairobi haijajua neno hilo. Biashara yenyewe ilizaliwa mpakani Busia, na kwa miaka mingi hapa kwetu abiria alikaa kwenye keria yenye mto wa sifongo. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa ushuru wa pikipiki ndogo, injini zikachukua abiria wengi. Baiskeli hazikufa. Zilirudi kubeba maji, miwa, mahindi ya kusaga na watoto wa shule. Kila soko lina fundi chini ya mti, na bango lake ni tairi kuukuu lililoning'inizwa.

Ni stadi kwa spoku, rimu, pancha na cheni. Kwa breki za mafuta na kibadilisha gia cha nyuma, mwambie kwa heshima asiguse kwa nyundo.

Njia tatu, na ipi uanze nayo

*Dunga, kwa anayeanza.* Kutoka katikati ya jiji unapita hifadhi ndogo ya swala pala, iliyoanzishwa 1992, kisha Hippo Point, kisha ufukwe wa Dunga. Ni kilomita chache tu, na wengine huidharau kwa hilo. Usiidharau. Kinamasi cha Dunga ni mojawapo ya sehemu chache ambapo utaona mafunjo kwa karibu bila kuzama. Ufunge baiskeli, uchukue mwelekezaji wa pale ufukweni, umwambie akutafutie yule ndege mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano ambaye haishi popote ila ndani ya mafunjo. Utamsikia kabla ya kumwona: wawili hujibizana, mmoja anapiga kama filimbi, mwenzake anakwaruza. Nzohe pia wamo, swala wa majini wenye kwato ndefu, ila anayekuahidi kuwaona anakuuzia maneno. Malizia kwa ngege na ugali.

*Kibos hadi Miwani, kwa siku ambayo Kano kumelowa.* Hii ndiyo njia ninayoitumia mara nyingi kuliko zote, ingawa watu huniuliza kuihusu mara chache. Inafuata mguu wa mteremko wa Nandi, ukiwa na ukuta wa kijani upande wa kushoto, na barabara za mashamba ya miwa zimewekwa moramu katika sehemu nyingi, kwa hiyo hukauka mapema. Ukipita Kibos, walikolima wahamiaji wa Kihindi tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, unakwenda sambamba na reli ile iliyofika Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, mwaka 1901. Kiwanda cha sukari cha Miwani kilianza 1922, cha kwanza nchini, na sasa kimenyamaza zaidi ya miaka 20. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 40, na mwinuko wake hautakuhemesha. Maonyo ya njia hii ni matatu:

- Trekta za miwa hazikuoni. Ukisikia mngurumo, shuka barabarani kabisa, kwa sababu trela la pili huyumba kuliko la kwanza.
- Muwa ulioanguka barabarani una ganda linaloteleza. Ukiukanyaga kwa mshazari utalala. Uvuke ukiwa umenyoosha gurudumu, bila kugusa breki.
- Reli ivuke kwa pembe mraba, na usipande katikati ya mataruma eti njia imenyooka. Treni ya abiria kutoka Nairobi ilirudi Desemba 2021.

*Ahero kwenda ziwani, kwa siku kavu.* Hili ndilo bonde lenyewe. Kosa la kwanza ni kuanzia Kisumu kwa barabara kuu. Ni kilomita zipatazo 25 za malori ya mafuta na mabasi yanayokimbilia Kericho, na baiskeli haina mahali pake hapo. Panda matatu hadi Ahero, baiskeli juu kwenye keria. Patana nauli yake kabla haijapandishwa, na kamba uifunge mwenyewe, huku ukitia kitambaa kati ya fremu na chuma.

Ukishuka Ahero umo katika mpunga. Mradi wa umwagiliaji ulianza 1969, na maji yake huvutwa kwa pampu kutoka Nyando. Barabara za kando ya mifereji mikubwa ni laini, zina kivuli hapa na pale, na ndege ni wengi kiasi kwamba utasimama kila baada ya dakika tano: yangeyange, kwarara, na ukibahatika korongo wenye taji. Mpunga ukiwa umeiva utakuta watoto na wazee wenye kombeo wakifukuza kwelea. Piga kengele kabla ya kupita mbele yao. Donge la tope halichagui kati ya kwelea na wewe.

Kutoka hapo unaufuata mto kuelekea ziwani, sehemu nyingine juu ya matuta yaliyojengwa kuzuia mafuriko. Juu ya tuta pamekauka na unaona mbali. Miti mirefu ya kando ya mto unayo mkono mmoja, mahindi na mtama mkono wa pili, na kadiri unavyoshuka nyumba zinapungua na mafunjo yanaanza kuonekana kama ukungu wa kijani kibichi mwishoni. Ulizia ufukwe wa Ogenya kwa kila njia panda. Usiulize "Hii njia inafika?" kwa sababu kwa ukarimu utajibiwa ndiyo. Uliza: "Leo asubuhi nani amepita na baiskeli?" Jibu la swali hilo ndilo la kufuata.

Tuta likiwa limevunjika mbele na maji yanapita, safari imeishia hapo. Usivuke, hata kama wenyeji wanavuka. Wao wanajua shimo liko wapi.

Makosa ninayoyaona kila msimu

- Kuendelea kukanyaga pedali gurudumu linapokuwa zito. Tope na majani huvuta kibadilisha gia cha nyuma hadi kinaingia kwenye spoku, na kipande kidogo cha aluminiamu kinachokishikilia huvunjika. Likiwa zito, shuka. Kikivunjika, kata cheni, uirudishe fupi kwenye gia moja ya katikati, urudi nyumbani polepole.
- Kusukuma baiskeli topeni magurudumu yote yakiwa chini. Inua la nyuma, sukuma kwa la mbele, au ibebe. Hilo nimelizungumzia.
- Kupanda juu ya kingo nyembamba za majaruba. Mkulima amezijenga kwa jembe. Gurudumu lako likiukata ukingo, maji yanahama shamba. Pita kwenye barabara ya mfereji tu.
- Kupita juu ya mpunga ulioanikwa kwenye turubai kando ya barabara. Utashangaa wangapi hufanya hivi huku wakitabasamu na kupunga mkono.
- Kutoka wanane kwa pamoja. Wanne ni kundi, wanane ni msafara wa siasa. Ng'ombe hutawanyika na watoto hukimbia mbele ya magurudumu.
- Kunywa maji ukishasikia kiu. Umeshachelewa.

Salamu, ruhusa na wanaopanda peke yao

Salimia kila mtu, na simamisha miguu unaposalimia mzee. Kwa Kijaluo ni *oyawore* asubuhi, *oimore* jioni, *erokamano* ukishaelekezwa. Ukishindwa, Kiswahili kinatosha, mradi "shikamoo" au "habari ya asubuhi, mama" imetangulia kabla ya swali la njia. Njia nyingi hupita ndani ya boma la mtu. Shuka, sukuma, omba. Sijawahi kunyimwa, na mara mbili nimepewa uji.

Ufukweni nenda kwanza kwa kamati ya ufukwe ukaseme wewe ni nani. Wavuvi wanaoanika nyavu hawapendi kupigwa picha na mtu ambaye hata jina hajataja.

Wanawake huniuliza kama wanaweza kwenda peke yao. Dunga asubuhi, ndiyo, wengi wanakwenda. Njia za miwa, hapana, na wanaume nawaambia vivyo hivyo: muwa ukishakuwa mrefu kuliko mtu hakuna anayekuona ukianguka. Nendeni wawili au watatu, na mtu mmoja nyumbani ajue mnarudi saa ngapi.

Kuna na wale wanaosema, "Mimi si mwanamichezo, nitaweza?" Huko Kadibo utapishana na mama anayepeleka mahindi kinuni kwa baiskeli isiyo na gia, leso imefungwa kiunoni, na hatakuwa na habari kwamba anafanya michezo.

Maji, mbu na nyoka

Usitie mguu kwenye maji yaliyosimama wala kunawa uso ziwani. Kichocho huingia kwenye ngozi ndani ya dakika chache, na kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea. Ukilazimika kuyagusa, nenda ukapimwe baada ya wiki sita hadi nane. Ukipima kesho yake hakitaonekana bado. Malaria ipo mwaka mzima. Wageni kutoka Nairobi na Ulaya waulize daktari kuhusu dawa ya kinga kabla ya safari, na ukipata homa baada ya kurudi, mwambie daktari ulikuwa wapi bila kungoja aulize.

Nyoka wengi utawaona wakikimbia. Akikuuma mmoja: usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu. Vua saa na pete, kiungo kikae bila kutikisika, utafutiwe pikipiki. Ahero kuna hospitali ya kaunti. Ya rufaa iko Kisumu, ile ya Jaramogi Oginga Odinga, lakini ukimwambia boda "Russia" atafika upesi zaidi. Nambari za kuwa nazo kwenye simu ni 112 na 999, na 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Ukifika nyumbani

Usiipeleke baiskeli ziwani kuoshwa pamoja na magari. Ziwa lina matatizo ya kutosha, kuanzia gugumaji, na grisi yako halihitaji. Mashine ya maji ya kasi nayo husukuma tope ndani ya beringi.

Tope la Kano halitoki likiwa bichi. Iegemeze baiskeli ukutani, uiache hadi kesho yake mchana. Likishakauka, piga tairi kwa kiganja nalo litadondoka vipande vikubwa kama vigae. Lililobaki lisugue kwa brashi kavu ya viatu. Cheni ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa hadi kitambaa kiache kuwa cheusi, ngoja ikauke, kisha tone moja la mafuta kwa kila kiungo, ukizungusha pedali kinyumenyume. Futa ziada. Halafu tazama chini ya fremu, pale mikono ya pedali inapopita: kuna donge moja hujificha hapo kila mara, na usipolitoa leo, Jumamosi ijayo utakuwa unasikia kitu kinakwaruza tangu Nyamasaria hujui ni nini.